Kikombe Kilichosoma Vinywa

Jumatatu, tarehe 14 Machi 2067. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, na mvua nyembamba iliyoanza jana yake ilikuwa bado inanyesha bila kelele, kana kwamba haikuwa na haraka ya kwenda popote. Mlima Rungwe haukuonekana. Bupe Mwasandube alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma cha kanisa la Ilima, akasikiliza. Huko chini gari la upasuaji lilikuwa linapanda. Liliteleza kwenye matope, likanyamaza, likaanza tena.

"Bwana, lifikishe salama," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akajiuliza kama hilo ndilo alilotaka kweli.

Alirudi mezani kukifuta kikombe. Mtu asiyejua angesema ni kikombe cha ushirika kama vile vya zamani, cha fedha, chenye shina na kitako. Lakini ukingoni kilizungukwa na mstari mwembamba wa kioo, na kila mdomo ulipougusa, mstari ule ulichukua tone la mate. Ndani ya tone mlikuwa na chembe zilizobanduka kinywani. Kikombe kilizisoma kabla mtu hajamaliza kusema Amina.

Madoa meupe ya kinywani yalikuwa mengi vilimani, kwa sababu ya ugoro. Mengi hayamdhuru mtu mpaka anakufa kwa uzee. Machache hugeuka saratani, na yakigeuka hayasubiri. Kwa macho hata daktari hawezi kuyatofautisha. Tofauti imo ndani ya chembe, kwenye jeni zenye kazi ya kuizuia chembe isizaliane ovyo. Jeni hizo zikishavunjika, doa limekwisha kuanza safari, hata kama mwenye nalo bado anakula na kucheka.

Mwanzoni walitumwa wauguzi wenye tochi. Watu wa Ilima wakafumba vinywa. Wanawake hasa, kwa sababu wengi walitia ugoro kwa siri, na hakuna aliyetaka kufunuliwa mdomo mbele ya jirani. Ndipo kikaja kikombe. Washarika walinyoosha mikono wakakikubali, kwa kuwa hakimwaibishi mtu. Anayesomwa kijani hasikii lolote. Anayesomwa nyekundu, mzee wa kanisa humwendea nyumbani taratibu, na gari likija anakatwa palipoharibika kabla hapajaua.

Sheria ilikuwa moja tu. Kikombe kisihifadhi jeni ambazo mtu amezaliwa nazo, maana huko nyuma ziliwahi kutumika kuwanyima watu kazi na hata wachumba. Kwa hiyo kikombe hakikujua ni nani anakinywea. Kilijua mahali tu. Washarika hukaribia kwa makundi, kila kundi huitwa meza, na katika Ilima kila mtu hupiga magoti mahali pake pale pale, tangu kipaimara mpaka kaburini. Bupe ndiye aliyekifundisha kikombe majina kwa kufuata mahali pa magoti.

Kwenye shina kulikuwa na kitufe kidogo. Kitambaa cha Bupe kilikipita bila kusimama.

Mara hii nyekundu ilikuwa moja. Mtu wa mwisho wa meza ya kwanza: Mzee Gwakisa Mwakifuna, mwanzishaji wa nyimbo.

*

"Karibu, mzee mwenzangu," Mzee Gwakisa alimwambia Bupe nyumbani kwake, na akacheka mwenyewe. Tangu Bupe achaguliwe kuwa mzee wa kanisa akiwa na miaka arobaini na minne, yeye wa miaka sabini na tisa hakuacha utani huo. "Naona umekuja kunikagua kama ng'ombe wa mnadani."

"Ng'ombe wa mnadani hasemi sana hivi."

"Basi kesho nitakuwa kama yeye. Ng'ombe wangu ndio watakaosikitika. Nawatukana kila asubuhi, wamezoea."

Bupe alitabasamu, akavaa glavu. Gari halikukata doa peke yake. Jeni zilizovunjika huenea pembeni mahali ambapo jicho halizioni, kwa hiyo kisu huenda mbali. Mzee Gwakisa angepoteza nusu ya ulimi. Kwa miaka hamsini hakuna wimbo ulioanza Ilima bila sauti yake. Hata watoto waliocheza nje walinyamaza ilipopanda.

"Fungua kidogo, baba."

Alimulika tochi. Alikwisha kuona vinywa vingi tangu kikombe kije, na alichokiona hapa kilimshangaza kwa udogo wake. Doa jeupe ubavuni mwa ulimi, laini, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Aliligusa kwa kidole chenye glavu.

"Linauma?"

"Hapana."

"Pilipili je?"

"Pilipili nakula mpaka jasho linatoka kisogoni."

Nje, mtu alikohoa mara mbili. Kilikuwa ni kikohozi cha kupiga hodi. Mzee Gwakisa aligeuza uso akatazama ukuta. Bupe alitoka, akakuta sinia la chai kizingitini na mgongo wa mwanamke ukiondoka upesi kuelekea jikoni, kitenge kimevutwa mpaka usoni. Alikuwa Syabumi, mke wa Ipyana, mtoto wa mwisho wa mzee. Vijana wengi wa siku hizi wameiacha desturi, ila Syabumi alilelewa na bibi yake. Hakuingia alimo baba mkwe, hakumtazama, hakulitaja jina lake, na mzee naye alimkwepa kwa heshima ile ile. Waliishi boma moja mwaka wa nne sasa, na hawajawahi kuambiana hata neno.

Kwenye sinia kulikuwa na kikombe kimoja cha chai ya tangawizi na bakuli la uji uliopoa kabisa, lililowekwa hapo kwa kusahau. Kijiko kilikuwa bado ndani.

Bupe alilichukua bakuli akalipeleka jikoni. Syabumi alikuwa amekaa karibu na moto akinyonyesha.

"Umeacha uji wako, mwanangu. Na umepoa."

"Naupenda ukipoa, mama."

Alilisema hilo akiwa na kiganja mdomoni. Bupe alisikia kitu kikishuka polepole ndani yake, kama ndoo inayoteremshwa kisimani.

"Tangu lini unapenda uji wa baridi?"

Machozi yalimtoka Syabumi upande mmoja tu, kisha upande wa pili. Alitoa kiganja, akafungua mdomo mwenyewe bila kuambiwa. Ubavuni mwa ulimi wake kulikuwa na doa kubwa, nene, jeupe kwa mabaka, na katikati yake wekundu kama kidonda kilichochubuliwa.

"Nilianza ugoro nikiwa mjamzito, kwa ajili ya kichefuchefu," alisema. "Nilipoona hivi nikaacha. Halikuacha. Lakini kikombe kimenipita, mama. Hukuja kwangu. Nilisema Mungu amenihurumia."

Bupe alikaa chini kwenye kigoda. Sasa aliiona yote ile Jumapili ya ushirika uliopita. Mtoto alikuwa analia. Mzee Gwakisa alikuwa bado chumba cha nyuma na mchungaji, na mahali pake palikuwa wazi. Syabumi ambaye siku zote hukaribia meza ya pili, ili asipige magoti pamoja na mkwe wake, alikwenda upesi meza ya kwanza apate kutoka kunyonyesha. Kisha mzee akatoka, akaona kitenge kile mahali pake, akageuka bila neno, akasubiri meza ya pili. Alipiga magoti kwenye nafasi ya mkamwana wake, kwa kuwa ndiyo pekee iliyobaki.

Bupe aliona. Alikuwa ameshika kikombe, aliona kila kitu.

Na kitufe kilikuwepo chini ya kidole gumba chake. Wilayani walimfundisha: mtu akibadili mahali, bonyeza, kikombe kitaruka jina. Hakuwahi kukibonyeza hata mara moja. Kubonyeza kitufe ameshika damu ya Bwana, midomo ya mtu iko ukingoni, ilikuwa kwake ni kama kucheza na simu wakati wa sala. Alijiambia kwamba watu wa Ilima hawabadili mahali.

"Mama, kuna nini?" Syabumi aliuliza.

"Mfunge mtoto mgongoni," Bupe alisema. "Twende kwenye gari."

*

Gari la upasuaji liliegeshwa mbele ya zahanati, jeupe, refu, lenye harufu ya spiriti. Daktari Fumbuka alikuwa mtu mpole aliyevaa viatu vya mpira vyenye matope. Alipitisha kijiti ulimini mwa Syabumi, akakiingiza kwenye mashine, wakangoja. Mvua iligonga paa. Mtoto aliushika mshipi wa Bupe akauvuta.

Taa iliwaka nyekundu.

Walipotoka na kumwacha Syabumi ndani na muuguzi, daktari alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Umemwokoa," alisema. "Miezi mitatu zaidi ningekuja kumkuta hawezi kumeza. Kiti ni kimoja leo, atakaa yeye. Mzee nitampima sasa hivi kwa kijiti. Akiwa kijani tutamwambia kipimo cha pili kimemsafisha. Watashukuru Mungu, nawe utaimba naye Jumapili."

"Na kanisa tutaliambia nini?"

"Hilo nililokwambia."

"Daktari, mimi sijabonyeza kitufe kile tangu siku ya kwanza."

Bupe aliendelea, maana akisimama hataweza tena. "Sijui ni nani mwingine alibadili mahali. Kuna misiba, kuna wageni, kuna wakwe. Kuna siku mvua ilivuja upande wa wanawake wakasogea wote. Kila aliyekatwa hapa alikatwa kwa mahali alipopiga magoti. Mama Tupokigwe alikatwa Septemba. Kama nyekundu ile haikuwa yake, basi mwenye nayo anatembea hapa kijijini leo, anakula, anacheka, na anaamini kikombe kimempita."

"Kipande cha Mama Tupokigwe kipo," daktari alisema taratibu. "Vyote vimewekwa kwenye barafu Kituoni Mbeya. Hatukuvisoma kwa sababu kikombe kilikwisha kusoma."

"Visomwe."

"Vikisomwa, habari itatoka. Sikiliza, dada yangu. Sikutetei kosa. Lakini katika vilima hivi, kabla ya kikombe, nilikuwa naletewa watu ambao taya zimeoza. Leo wanakuja mapema, kwa miguu yao. Wanakuja kwa sababu wanakiamini. Ukisimama ukasema kilikosea, nani atakinywea tena? Wenye nyekundu watakaa nyumbani na kusema labda ni ya jirani. Hao nao ni watu. Utawaambia nini?"

Kilichomwogopesha Bupe ni kwamba mtu huyu hakuwa mwovu. Alikuwa anasema jambo linaloweza kuwa kweli. Bupe alikwenda nyuma ya zahanati, akasimama chini ya upenu, akaomba. Hakuomba kwa maneno mengi. Alisema, "Bwana, nilifumba macho kwa kukuheshimu, mahali ambapo ulitaka nitazame." Alingoja. Hakusikia sauti yoyote isipokuwa maji kwenye mfereji, na kutoka kanisani, kengele. Washarika walikuwa wanaitwa kumwombea Mzee Gwakisa kabla ya kisu, kama walivyomwombea kila mmoja kabla yake.

Kila mmoja kabla yake. Walimwombea Mama Tupokigwe pia. Bupe mwenyewe alimwekea mkono begani.

Alirudi garini. "Mpime mzee," alimwambia daktari. "Kisha njoo kanisani ukitaka. Usipotaka, nitasema peke yangu."

*

Kanisa lilijaa unyevu wa nguo. Wanaume kulia, wanawake kushoto. Mzee Gwakisa alikaa kwenye kiti mbele ya madhabahu, koti limefungwa vifungo vyote. Alikwisha kupimwa na kuambiwa kuwa ni kijani, lakini hakuonekana kama mtu aliyesamehewa kitu. Mchungaji Asajile alikuwa amekwisha kufungua kitabu cha sala Bupe alipopita katikati, kikombe mkononi, akakiweka mezani.

"Mchungaji, naomba nitangulie."

Aliwaambia. Hakupamba. Aliwaambia kikombe hakiwajui, kinajua magoti yao tu. Aliwaonyesha kitufe, na akawaambia kwa nini hakukibonyeza. Alisema Mzee Gwakisa hana nyekundu. Alipofika kwa mwenye nayo alinyamaza, kwa sababu siri ile haikuwa yake.

"Ya nani basi?" mtu aliuliza kutoka upande wa wanaume. "Unatuacha hivi hivi?"

"Kwa hiyo tumekuwa tukichinjwa kwa bahati nasibu," mwingine alisema, na vicheko viwili vikavu vikafuata.

Mzee Gwakisa aliinuka.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu Bupe aliponijia. Siku ya ushirika sikukaa mahali pangu. Lakini ningesemaje? Nimtaje mbele ya watu yule nisiyemtaja? Niseme fulani alipiga magoti kwangu? Nikanyamaza. Nikasema mimi ni mzee, ulimi wangu umeimba vya kutosha, kama Mungu ametaka mmoja na achukue huu." Sauti yake ile kubwa ilikatika. "Sikujua kwamba ninyi mkinikata mimi, yeye anakufa vile vile. Nilidhani ni kama deni, analipa mmoja."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Syabumi aliingia na mtoto mgongoni, amefunika uso, akabaki pale pale kwenye kizingiti kwa kuwa mkwe wake alikuwa mbele. Aligeukia nguzo, akasema na nguzo.

"Mwambieni mwenye nyumba kwamba nyekundu ni yangu. Mwambieni ndaga, asante, kwa alilotaka kunifanyia. Nakwenda garini sasa."

Mzee Gwakisa naye aligeuka, akautazama ukuta.

"Mwambieni mama wa mtoto asiwe na wasiwasi," alisema. "Ng'ombe wangu ana maziwa. Mjukuu atalala kwangu. Na mwambieni hata akirudi haongei vizuri, katika boma langu ataeleweka."

Syabumi alimfungua mtoto mgongoni, akampa mwanamke aliyekuwa karibu. Alitoka kwenye mvua bila kugeuka nyuma. Mlangoni Daktari Fumbuka alisimama na kofia mkononi, akampisha, akamfuata.

Mchungaji alitaka kuanzisha sala. Watu walikuwa wanaanza kunong'ona, na wawili upande wa wanaume walikwisha kuinuka kutoka, mmoja wao akishika shavu lake bila kujua kwamba analishika. Bupe alimwona. Aliona pia mkono mwingine upande wa wanawake ukipanda mdomoni, na mwingine. Kila mtu alikuwa anajigusa kwa ulimi ndani ya kinywa chake mwenyewe, akitafuta.

Ndipo Mama Tupokigwe aliposimama. Zamani aliuza ndizi sokoni Tukuyu na sauti yake ilisikika mpaka stendi. Tangu Septemba hakuwa amesema neno mbele ya watu. Alitoka kwenye benchi, akaja mpaka mbele, akasimama karibu sana na Bupe. Maneno yake yalitoka mazito, yenye mate, lakini yalisikika mpaka benchi la mwisho.

"Na nyekundu yangu?"

Bupe alijua swali lingekuja. Hakujua lingekuja na macho yale, yasiyo na hasira, yaliyochoka kungoja. Alitamani kusema kwamba huenda ilikuwa yake kweli. Alitamani kumshika mkono. Akaona kwamba mkono huo ndio aliomwekea begani siku ile, akauacha ulipo.

"Sijui, mama," alisema. "Kipande chako kipo Mbeya, kwenye barafu. Nitakwenda na gari hili leo. Kitasomwa, nami nitakuwa nimesimama pale kinaposomwa, na vya wenzako vyote." Aligeuka ili wamsikie pande zote mbili, mchungaji, na Mzee Gwakisa, na wale wawili waliosimama mlangoni. "Nitarudi nalo jibu. Likiwa ni baya kwangu, nitalisema hapa nilipo, kwa sauti hii hii, mbele yenu ninyi hawa. Na kabla sijalisema, mkono wangu hautashika kikombe hiki tena. Mungu anasikia, nanyi mnasikia."

"Tumesikia," alisema Mama Tupokigwe.